Je, Wajua? Mwenzako Akinyolewa Ng'ambo ya Mpaka

Je, wajua kwamba reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilikuwa imefika Uganda? Si kosa la mpiga chapa. Iliitwa Reli ya Uganda, na ufuo ule wa ziwa, enzi hizo ukiitwa Port Florence, ulikuwa ndani ya himaya ya Uganda. Aprili 1902 Waingereza wakaona si vyema reli moja kuwa na serikali mbili, wakausogeza mstari: mkoa mzima wa mashariki wa Uganda ukatiwa upande ambao leo ni Kenya. Wajaluo na Waluhya wa huko hawakufunga hata mzigo mmoja. Aliyehama ni mpaka.

Wajua pia kwamba ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Mjerumani Mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa ni porojo? Kona ile ya mpaka pale Taveta imetokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, Waingereza wakichukua Mombasa na Wajerumani wakichukua mlima. Mjukuu mwenyewe, Wilhelm, alikuwa hajawa hata mfalme, alitawazwa mwaka 1888. Hadithi lakini ni tamu, na sidhani kama safu hii itaiua.

Na Mombasa yenyewe? Kwa sheria ilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka wa uhuru. Waingereza waliukodi ukanda wa maili kumi wa pwani mwaka 1895, na ndiyo maana jina kamili la nchi lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya: koloni ni bara, himaya ni pwani. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakakubaliana kwa maandishi kwamba ukanda uwe wa Kenya. Mvuvi wa Lamu akalala raia wa Sultani, akaamka raia wa Nairobi, na nyavu zake ni zilezile.

Fedha nazo zilihama. Kati ya mwaka 1920 na 1921 mfanyabiashara wa Afrika Mashariki alishuhudia rupia ikiondolewa, florini ikiletwa, na kabla hajazoea kuihesabu, florini ikapisha shilingi. Zanzibar waling'ang'ania rupia yao hadi mwaka 1936. Baada ya hapo shilingi moja ikatumika kote mpaka mwaka 1966, kila nchi ilipofungua benki kuu yake. Leo Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina shilingi, na hakuna inayolingana na mwenzake.

Je, wajua kwamba mwaka 1960 Nyerere alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi zote ziupate pamoja, zikiwa shirikisho? Wenzake hawakufika. Tanganyika ikaenda peke yake Desemba 1961.

Sasa tufike mwaka 1977, maana hapa ndipo jirani alipomfungia jirani mlango na kukaa na funguo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyozaliwa Kampala mwaka 1967 ilikuwa na vitu vya pamoja ambavyo leo tunaviota tu: shirika moja la ndege, reli moja, bandari, posta na simu. Mwanzoni mwa 1977 ugomvi wa madeni uliangusha shirika la ndege. Kenya ikaanzisha lake haraka, Tanzania nayo ikafuata mwezi Machi. Uganda ilikuwa imekwisha kujihami mwaka mmoja kabla. Februari 1977 Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii ya Kenya yaliyokutwa upande wa pili yakazuiwa hukohuko.

Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Miaka zaidi ya sita! Mtoto aliyezaliwa Namanga siku ulipofungwa alianza shule bila kuona basi likivuka kihalali. Nasema kihalali kwa sababu Wamasai na ng'ombe wao hawakuwahi kuarifiwa vizuri. Sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kupikia navyo vilivuka. Zile zilikuwa zama za maduka ya kaya na foleni, na katika nyumba nyingi za Arusha na Moshi kipande cha sabuni kilikuwa na safari ndefu ya usiku nyuma yake. Hapo ndipo jina njia za panya lilipopata heshima yake.

Jumuiya nayo ikafa. Je, wajua nani alipewa kazi ya kugawa mali za marehemu huyo? Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht. Alihesabu mabehewa, meli, majengo na madeni kwa miaka, na makubaliano ya mgawo yakatiwa saini Arusha mwaka 1984. Umewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi ya wake watatu? Basi fikiria wake hao kila mmoja ana jeshi.

Jambo moja la mwaka 1977 halijafunguliwa hadi leo. Kati ya Serengeti na Maasai Mara kulikuwa na kituo cha kuvukia, Bologonja kwa upande wa Tanzania na Sand River kwa upande wa Kenya. Watalii walipita hapo kwenda na kurudi. Kilifungwa, na mtalii wa leo anayetaka kuona pande zote mbili hulazimika kuzunguka mbali, hadi Sirari na Isebania. Nyumbu wanapita palepale kila mwaka bila kuulizwa.

Je, kufungwa kwa mpaka kulikuwa na faida kwa jirani yeyote? Kilimanjaro ilikuwa na uwanja wa ndege wa kimataifa tangu mwaka 1971, na Arusha ilikuwa ikiishi kwa watalii walioanzia Nairobi. Mpaka ulipofungwa Tanzania ilitaka watalii washukie kwake moja kwa moja. Wengi hawakuja kabisa. Ilichukua muda mrefu kabla Arusha haijasimama kwa miguu yake kama mji wa safari. Leo imesimama hasa.

Tuvuke ziwa. Je, wajua kwamba Uganda ya Idi Amin ilikipa Kiswahili neno ambalo walimu wa sarufi hawawezi kulivumilia? Mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, na maduka yao yakagawiwa maofisa na marafiki. Waliotajirika ghafla wakaitwa *mafuta mingi*. Ndiyo, mingi. Ngeli imevunjika, lakini kila mtu Kampala alielewa nani anasemwa, na alishusha sauti kabla ya kusema. Neno la pili ni letu sote, *magendo*. Huko Uganda liliacha kuwa jina la kosa, likawa jina la uchumi.

Na magendo makubwa kuliko yote yalinukia kahawa. Julai 1975 baridi ya kugandisha iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda alitakiwa kuiuzia bodi ya serikali kwa bei ya chini, alipwe kwa noti zisizonunua kitu. Ng'ambo ya Mlima Elgon, Kenya, kulikuwa na mnunuzi mwenye pesa inayonunua. Basi usiku ukawa mchana. Kijiji cha Chepkube, upande wa Kenya, ambacho wengi hawakuwa wamekisikia, kikawa soko la magunia na fedha taslimu. Watu walijenga, wakanunua magari, wakaoa. Amin alipoondoka mwaka 1979 na bei zikashuka, Chepkube ikarudi kulala. Wazee wa Bungoma bado wanaweza kukuambia nani alipata wapi mtaji wa kwanza, ila usiulize mbele ya wajukuu.

Baridi imepiga Brazil, harusi imefungwa Bungoma. Mwandishi wa riwaya angeambiwa anazidisha.

Haraka haraka: je, wajua kwamba *bodaboda* ni mtoto wa mpaka? Pale Busia, kati ya lango la Kenya na la Uganda, palikuwa na kipande cha kutembea ambacho magari hayakukubaliwa kupita bila makaratasi. Vijana wenye baiskeli wakaanza kubeba watu na mizigo, wakipiga kelele kwa Kiingereza chao: *boda, boda!* Hiyo ilikuwa miaka ya 1960. Leo neno limefika Mtwara na Goma, na wanaolitumia wengi hawajauona mpaka wowote.

Na hili: tangu Januari 2014 Mkenya, Mnyarwanda na Mganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Mtanzania anaambiwa alete pasi.

Na hili tena: Septemba 2006 kampuni ya simu ya Celtel ilifuta gharama ya ziada kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania wanapopiga simu wakiwa nchi jirani. Marais walichukua muda mrefu zaidi kukubaliana jambo hilohilo.

Twende kusini, maana huko ndiko jirani mmoja aligeuza kabisa alikotazama. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, na sehemu kubwa ya shaba yake ilitoka kwa reli ya kusini, kupitia Rhodesia. Novemba 1965 waziri mkuu wa Rhodesia, Ian Smith, akajitangazia uhuru wa walowezi wake. Mafuta ya Zambia yakakatika. Ikabidi yaletwe kwa ndege, mapipa kwa mapipa, na kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliibatiza njia ya jahanamu. Mwaka 1968 bomba la Tazama likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kisha Wachina wakaja kujenga reli ambayo Magharibi ilikataa kuijenga kwa hoja kwamba hailipi. Januari 1973 Smith alifunga mpaka, na wakati huo tingatinga zilikuwa tayari zimepenya milima ya Iringa na Mbeya. Reli ya Uhuru, TAZARA, ina urefu wa kilomita 1,860 na ilikabidhiwa mwaka 1976.

Lakini wajua kilichosahauliwa? Njia yenyewe. Upana wa reli ya TAZARA ni milimita 1,067, sawa na za kusini mwa Afrika. Upana wa Reli ya Kati ya Tanzania ni milimita 1,000. Behewa haliwezi kutoka huku kuingia kule. Tofauti ya sentimita sita na kidogo, na kwa sababu hiyo mzigo unaotoka moja kwenda nyingine hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu. Serikali zilijenga zikitazama Zambia, hakuna aliyegeuza shingo kutazama Tabora. Hata hivyo Tunduma, mpakani na Zambia, iliyokuwa kijiji cha forodha, imekuwa mji unaokula, kulala na kuamka kwa malori ya shaba.

Je, wajua kwamba uchaguzi wa jirani hupandisha nauli yako? Mwanzoni mwa 2008, baada ya kura ya Kenya kuzua ghasia, vijana waling'oa reli Kibera. Ndiyo reli ileile ya 1901. Malori yakakwama, petroli ikaadimika Kampala na Kigali, na watu ambao hawakupiga kura yoyote wakasukuma magari. Tangu hapo Kigali na Kampala hawajazungumza bandari bila kutaja mbili. Mwaka 2015 Uganda na Kenya walikubaliana bomba la mafuta ghafi lipite Kenya hadi Lamu. Mwaka 2016 Uganda ikageuka na kuchagua Tanga. Bomba hilo, kutoka Hoima hadi Chongoleani, lina kilomita 1,443, na litapashwa moto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Sababu zilizotajwa ni gharama na usalama wa njia. Mimi naongeza moja: aliyewahi kukaushiwa petroli hasahau.

Kuku nao wana mpaka. Oktoba 2017, hapo Namanga, maofisa wa Tanzania waliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vya siku moja vilivyoingia kutoka Kenya, wakihofia mafua ya ndege. Mwezi huohuo ng'ombe wapatao 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliokamatwa upande wa Tanzania walipigwa mnada. Machi 2021 zamu ikawa ya Kenya: mahindi ya Tanzania na Uganda yakazuiwa kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakapanga foleni na unga ukapanda Nairobi. Katazo lilidumu siku chache kabla ya kulegezwa kwa masharti, na mwezi Mei Rais Samia akawa Nairobi kuyazungumza. Neno sumukuvu, ambalo kabla ya hapo lilikuwa la wataalamu, likawa la makuli.

Nguo je? Mwaka 2016 marais wa Jumuiya, iliyokuwa imefufuliwa, walikubaliana kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nyumbani vipumue. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, na Washington ikatishia kufuta nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kenya ikaondoka kwanza, Uganda na Tanzania zikafuata. Rwanda peke yake ilikaa: ushuru wa mitumba ulikuwa umepanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikaiondolea nguo zake ile nafasi. Kilichofuata unaweza kukikisia. Marobota yakaanza kuvuka kutoka Kongo, vazi juu ya vazi mwilini, usiku. Na wajua Wanyarwanda wanaitaje mitumba? *Caguwa*. Ni chagua yetu, imevaa tahajia ya Kinyarwanda. Waganda husema *mivumba*, Wazambia *salaula*. Lundo ni lile lile, kila mtu analichambua kwa lugha yake.

Rwanda hiyohiyo, Oktoba 2008, iliamua shule zote ziache Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Mwalimu aliyesomea hesabu kwa Kifaransa miaka yote alitakiwa aifundishe kwa lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa anajifunza. Sababu zilikuwa tele: waliorudi kutoka Uganda walikuwa wakizungumza Kiingereza, nchi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na uhusiano na Paris ulikuwa umevunjika. Walimu kutoka Uganda na Kenya wakapata kazi. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi, na wazee wa mtaa wa Nyamirambo, Kigali, waliokuwa wakichekwa kwa Uswahili wao, wakawa ghafla na hazina mdomoni.

Huko Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda mpaka ni mtaa. Miji miwili, nchi mbili, ukuta kwa ukuta. Watu wanaovuka kwa siku, wengi wao akina mama wenye nyanya, maziwa na unga, huhesabiwa kwa makumi ya maelfu panapokuwa na amani. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, Goma ilikimbilia Gisenyi kwa miguu. Ndiyo maana mpaka huo unapofungwa kwa sababu za siasa, njaa huingia pande zote mbili jioni ileile. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa mwishoni mwa Februari 2019 kwa maelezo ya ujenzi, ukafunguliwa Januari 31, 2022. Ujenzi gani wa miaka mitatu, waliuliza wachuuzi wa Kabale, huku wakijua jibu.

Je, wajua Kenya ina makabila mangapi? Ukijibu 42 umechelewa. Wamakonde waliotoka Msumbiji, wengi wao kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, walikaa Kwale kwa vizazi bila vitambulisho. Hawakuweza kufungua akaunti, kusajili laini ya simu wala kupiga kura. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Ikulu, Nairobi. Mwaka uliofuata wakawa rasmi kabila la 43. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi waliovuka maji zamani, nao walitambuliwa mwaka 2023.

La mwisho ni la Mto Songwe, kati ya Kyela na Karonga. Mpaka wa Tanzania na Malawi unafuata mto, na mto huo, mvua zikizidi, hubadilisha njia. Kuna wakulima wa mpunga waliopanda Tanzania na mto ukapita nyuma yao. Nchi hizo mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde, na mojawapo ya shabaha zake ni kuutuliza mto ukae mahali pamoja.

Nimesema la mwisho, lakini niongeze Rusumo. Kwenye daraja lile la Mto Kagera, gari linalotoka Tanzania upande wa kushoto huhamia kulia likiingia Rwanda, na saa hurudi nyuma kwa saa moja. Ukirudi Tanzania, unaipoteza. Mimi niliwahi kualikwa chakula Ngara, saa saba mchana, nikitokea Kigali. Nilivuka saa sita na nusu kwa saa yangu ya mkononi, nikijisifu kwa kuwahi. Mwenyeji wangu alinipokea mlangoni akichokonoa meno.